Baa kongwe ya Posta, gadeni ya mtaani au baa ya hoteli: ipi ikufae baada ya kazi?

Mfanyakazi anayetoka ofisini katikati ya Dar es Salaam saa 11 jioni, akiwa na kiu na hataki kuingia moja kwa moja kwenye foleni ya kurudi nyumbani, ana mahali pa aina tatu pa kukaa. Ipo baa kongwe ya mjini, eneo la Posta, ya aina ambayo zimebaki chache kati ya Samora, Kisutu na Mnazi Mmoja. Ipo gadeni ya mtaani, iwe Sinza, Kijitonyama, Tabata au Temeke, yenye viti vya plastiki chini ya miti na jiko la nyama pembeni. Na ipo baa ya hoteli, kwa yule ambaye mfuko unamruhusu au ana mgeni wa kumkirimu. Wengi huchagua kwa kufuata alipo rafiki wa kwanza kupiga simu, halafu hurudi nyumbani wakilaumu huduma, kelele au bili, ilhali mahali hapo pangewafaa sana kwa siku nyingine au kwa saa nyingine. Mimi ni mteja wa zote tatu kwa miaka mingi, na naipenda zaidi baa kongwe. Hata hivyo zipo jioni ambazo mtu akiniuliza nitamwelekeza gadeni bila kusita.

Kinywaji chenyewe tukiweke kando mapema, kwa sababu hakitofautiani sana. Safari, iliyoko sokoni tangu mwaka 1977, Kilimanjaro, iliyoingia mwaka 1996, Serengeti, Ndovu na Castle Lite utazikuta mahali pote, na swali la mhudumu ni lilelile: ya baridi au ya moto? Tofauti ndogo iko kwenye pombe kali. Tangu viroba, yaani vifuko vya plastiki vya pombe kali, vilipopigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017, kipimo kidogo cha Konyagi kwa mtu wa kawaida kimekuwa bapa, ile chupa ndogo, lakini katika baa kongwe nilizozizoea bado mteja anaweza kusimama kaunta akapimiwa toti moja, akanywa taratibu na kuondoka. Gadeni humtazama mtu kama huyo kwa mshangao, kwa kuwa kule desturi ni kununua chupa ya meza nzima. Hoteli humpimia pia, kwa bei ambayo mtaani ingemtosha kununua bapa zima.

Jambo la kwanza la kupima, kwa hiyo, ni saa. Baa kongwe ya mjini inaishi kwa ratiba ya ofisi. Mchana wateja wake ni wa chakula na soda. Kuanzia saa 11 jioni watu wa benki, mawakala wa forodha wanaotoka bandarini, mawakili na makarani waliomaliza shughuli za Mahakama ya Kisutu, waandishi wa habari na wastaafu ambao bado hupenda kuja mjini huanza kujaza meza. Kufika saa 2 usiku maongezi yamepamba moto, na kufika saa 4 viti vingi vimeshapandishwa juu ya meza. Jumamosi mchana huwa na uhai kidogo. Jumapili usijisumbue, maana eneo lenyewe limelala, na hata ukikuta mlango uko wazi utakaa na mhudumu na televisheni. Hali hii imeongezeka baada ya Serikali kutangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, kwa sababu watumishi wa wizara zilizokuwa Kivukoni na maeneo ya jirani ndio walikuwa wateja wa kila siku wa baa hizi, na walipoondoka waliacha meza ambazo hazikupata wenyewe wapya kwa haraka. Mtu aliyezifahamu kabla ya hapo ataona pengo hilo. Anayeingia leo kwa mara ya kwanza ataona tu kwamba kuna nafasi ya kukaa, jambo ambalo kwake ni faida.

Gadeni huenda kinyume kabisa na ratiba hiyo. Saa 11 jioni jiko ndiyo kwanza linapuliziwa moto. Saa 3 usiku ndipo inapochangamka, na Jumapili, siku ambayo mjini kumekufa, ndiyo siku yake kubwa kwa familia zinazokuja na watoto kula nyama. Baa ya hoteli haina saa maalumu, na hilo ni la thamani kwa mtu ambaye kikao chake kimeisha saa 9 alasiri au ndege ya mgeni wake imechelewa.

Ndani ya baa kongwe mteja hukutana na huduma ya aina ambayo imekuwa adimu. Nyingi ziko ghorofa ya chini ya majengo ya enzi za ukoloni, zenye dari refu, feni zinazozunguka polepole na baraza inayotazama mtaa. Wahudumu ni watu wazima waliokaa hapo muda mrefu, wanaojua nani hunywa nini na nani akifika wa tatu aongezewe kiti. Chupa huletwa ikiwa bado imefungwa, hufunguliwa mbele ya mteja, kisha kizibo huwekwa tena juu ya mdomo wa chupa bila kukazwa ili nzi wasiingie, na glasi hufutwa kwa karatasi ya tishu mbele ya macho yako. Mteja mwenye umri huamkiwa shikamoo kabla ya kuulizwa anakunywa nini. Ni mambo madogo, lakini kwa mtu aliyeshinda akizungumza na kompyuta yana uzito mkubwa, na ndiyo sababu wazee hupanda basi la mwendokasi kutoka Kimara kuja kunywa bia mbili Posta wakati bia hiyohiyo inauzwa hatua chache kutoka nyumbani kwao.

Mhudumu wa gadeni ana meza nyingi zaidi, eneo pana zaidi na muziki unaomlazimu kusoma midomo ya wateja. Akichelewa, mara nyingi hana kosa. Katika hoteli huduma ni ya kufundishwa, yenye sare na tabasamu, na haina dosari ya kuonekana. Ila ukirudi mwezi ujao huenda usimkute mtu anayekukumbuka.

Bili ndiyo inayozaa ugomvi mwingi, na hapa inafaa mteja ajue mambo yanavyokwenda nyuma ya kaunta. Katika baa nyingi za kawaida, kongwe na gadeni vilevile, mhudumu huchukua vinywaji kaunta kwa dhamana yake mwenyewe: kila chupa anayotoka nayo imeandikwa kwa jina lake, na mteja akiondoka bila kulipa, hasara ni ya mhudumu. Ndiyo maana chupa tupu huachwa mezani mpaka mwisho. Mgeni hudhani ni uchafu na huomba ziondolewe, kumbe ndizo daftari lenyewe. Ndiyo maana pia, zamu zinapobadilishana, mhudumu hukujia katikati ya maongezi kuomba alipwe. Nilimsikia mmoja katika baa ya Kisutu akimwambia mteja wake wa siku zote, “Mzee wangu samahani, tunafunga hesabu, naomba unilipe zile nne.” Mzee akazitazama chupa, akasema, “Binti, hapa zipo tatu, ya nne ni ya huyu kijana, naye nimemkaribisha mimi, kwa hiyo una haki.” Akalipa, na mazungumzo yakaendelea palepale yalipokatika. Katika baa kongwe hesabu hukaa sawa kwa sababu meza ni ndogo, watu ni wanne au watano, na chupa zote zinaonekana.

Gadeni hali ni ngumu zaidi. Meza huunganishwa, watu huja na kuondoka, mmoja hutoa ofa kwa meza ya jirani, mwingine huagiza akiwa amesimama, na chupa tupu zikizidi huwekwa kwenye kreti chini ya meza ambako hakuna anayezihesabu. Mwisho wa usiku nimewahi kuletewa bili yenye vinywaji ambavyo hakuna aliyekiri kuviagiza, na mhudumu naye akiwa karibu kulia kwa sababu kama sisi hatulipi, atalipa yeye. Dawa yake ni rahisi: kila mzunguko ulipwe unapoletwa, au meza iteue mtu mmoja wa kuagiza na wengine wote wapitie kwake.

Lipo jambo jingine ambalo huwachanganya wageni wa gadeni na pia baadhi ya baa za mjini, nalo ni kwamba jiko mara nyingi ni biashara ya mtu mwingine. Mwenye baa huuza vinywaji, na mchoma nyama au mkaanga chipsi amekodi sehemu yake. Kwa hiyo zinakuja bili mbili, na hata lipa namba ni mbili. Ukituma pesa ya nyama kwenye namba ya kaunta, utasimama nusu saa ukisuluhisha. Uliza kabla ya kulipa.

Kwenye hoteli hakuna lolote kati ya haya. Bili ni moja, kadi inapokelewa, risiti hutolewa kwa mashine ya kielektroniki ya kodi (EFD), na kodi ya ongezeko la thamani imo ndani ya bei. Mtu anayelipiwa na ofisi, ambaye lazima arudishe risiti kwa mhasibu, asihangaike kulinganisha: aende hoteli. Mashine hizo zilianza kutumika nchini mwaka 2010, na baa kongwe nazo hutoa risiti ukiidai, lakini ni lazima uidai kabla mhudumu hajaondoka na fedha. Gharama ya urahisi huo wa hoteli ni kubwa, kwani bia moja huweza kuuzwa mara mbili au tatu ya bei ya mtaani, na mtu asiyekuwa na mgeni wala risiti ya kurudisha hana sababu ya kuibeba.

Kuhusu chakula nitasema wazi kwamba gadeni inashinda kwa nyama na baa ya mjini inashinda kwa vitafunwa. Gadeni unakwenda mwenyewe buchani, unachagua kipande, kinapimwa kwa kilo mbele yako, kisha unasubiri, na kusubiri huko kunaweza kukaribia saa nzima siku ya wateja wengi. Nyama huja imekatwakatwa kwenye sinia pamoja na ndizi za kuchoma, kachumbari, chumvi na pilipili. Kitimoto huwa na jiko lake na vyombo vyake, na mteja asiyekula nguruwe ana haki ya kuuliza kama visu na mbao vimetenganishwa. Baa kongwe za mjini zilirithi mapishi ya Wahindi waliokuwa majirani zao, na ndiyo maana mishikaki, kuku wa tikka na chipsi zilizokolea viungo vya Kihindi hupatikana kwa haraka na kwa ladha ambayo mitaani haipatikani kirahisi. Ukiwa na njaa ya kweli na huna haraka, nenda gadeni. Ukitaka kitu cha kushikilia tumbo kati ya bia ya kwanza na ya pili, kaa mjini.

Mazungumzo na mpira havikai pamoja, na hapa uchaguzi hutegemea tarehe. Baa kongwe ina televisheni moja au mbili, mara nyingi sauti ikiwa imepunguzwa, na watu huweza kubishana siasa, kesi na bei za nyumba bila kupaza sauti. Siku Simba na Yanga zinapokutana hali hubadilika: timu zote mbili zina makao Kariakoo, jirani kabisa, na baa za upande huo wa mji hujaa jezi nyekundu na za kijani na njano tangu mchana. Kwa mechi ya alasiri au ya jioni ya Ligi Kuu, baa ya mjini ni mahali pazuri mno, kwa sababu wapenzi wa timu zote mbili huketi pamoja na utani wao una adabu ya watu wanaofanya kazi jengo moja. Ligi ya Mabingwa ya Ulaya ni habari nyingine. Mechi zake kubwa huanza saa 4 usiku kwa saa zetu wakati wa kiangazi cha Ulaya, na saa 5 usiku wakati wa baridi yao, maana yake zinaisha karibu saa 6 au saa 7 usiku. Wakati huo baa kongwe imeshafungwa au inakutazama kwa jicho la kukufukuza, na wewe uko kilomita nyingi kutoka kitandani. Usiku wa namna hiyo ni wa gadeni ya mtaani kwako, ambako utarudi kwa miguu.

Kelele za gadeni, hata hivyo, si za kupuuzwa. Zipo kanuni za mwaka 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo, na NEMC, baraza la taifa la mazingira, imekuwa ikizitoza faini na hata kuzifungia baa zinazokesha na spika zilizoelekezwa kwenye nyumba za watu. Mteja anayetaka kuzungumza na mtu ambaye hajamwona siku nyingi achague meza iliyo mbali na spika kabla hajaagiza, kwa kuwa baada ya kuagiza ni shida kuhama: meza ni ya mhudumu fulani, na ukihama umehamisha hesabu.

Kwa mwanamke anayekuja peke yake, ulinganisho unabadilika, na sioni haja ya kulipamba jambo hili. Baa kongwe bado zina macho ya kizamani. Wapo wanaume wanaoamini kwamba mwanamke aliyekaa peke yake anasubiri kununuliwa, na watatuma bia mezani kwake bila kuulizwa. Dada ninaofanya nao kazi wameniambia kwamba hukaa karibu na kaunta, ambako mhudumu mtu mzima huwalinda kwa maneno mawili tu, na kwamba huikataa ofa mapema kabla chupa haijafunguliwa. Wakiwa wawili au watatu hupaona mjini ni salama kuliko gadeni, kwa sababu watu ni walewale na wanaonana tena kesho kazini. Anayetaka kukaa kabisa bila kusumbuliwa, na kitabu chake mkononi, baa ya hoteli ndiyo inayomfaa, na pengine hiyo ndiyo sababu halali kuliko zote ya kulipa bei yake.

Vyoo nitavitaja kwa ufupi: hoteli ni safi daima, gadeni hutegemea saa, vikiwa vizuri jioni na vibaya usiku wa manane, baa kongwe zina mabomba ya zamani, na maji yakikatika mjini, nazo hukosa maji. Angalia choo kabla ya kuagiza bia ya pili.

Kilichobaki ni kurudi nyumbani, nami nakipa uzito kuliko bei. Tangu mwendokasi uanze mwaka 2016, baa za mjini zimepata nguvu mpya kwa wakazi wa Barabara ya Morogoro: mtu hukaa Posta mpaka foleni ya jioni ipungue, kisha hupanda Posta ya Zamani au Kisutu na kushuka Magomeni, Manzese, Ubungo au Kimara bila kugusa usukani. Wa Kigamboni wana kivuko hapo Magogoni, dakika chache kwa miguu kutoka Samora. Wa Tegeta, Goba au Chanika hawana bahati hiyo, kwani kadiri usiku unavyokwenda daladala hupungua na gari la kuita kwa simu hadi huko linaweza kugharimu kuliko vinywaji vyote alivyokunywa. Mtu wa aina hiyo akae mjini kwa bia moja ya kuepuka foleni, au aende zake mapema akanywe jirani na kwake. Mwenye gari naye akumbuke kwamba sheria yetu inaweka ukomo wa miligramu 80 za kileo katika mililita 100 za damu, na kwamba hakuna awezaye kujipima hilo kwa kujisikia. Gari libaki kwenye maegesho ya ofisi.

Kwa hiyo ukiniuliza kwa jioni ya kawaida ya Jumanne au Jumatano, ukiwa na wenzako watatu na mna jambo la kuzungumza, nitakuambia baa kongwe, saa 11 hadi saa 2, mishikaki na chipsi sahani mbili za kuchangia. Ukiwa na familia, au mnasherehekea, au kuna mpira wa usiku, gadeni. Mgeni kutoka nje anayelala Posta, mpeleke hoteli siku ya kwanza akiwa amechoka, lakini siku ya pili mlete baa kongwe, maana atakachokumbuka akirudi kwao ni hiyo baraza na watu wake. Ijumaa ya mwisho wa mwezi ndiyo siku pekee ambayo mjini hujaa kupita kiasi: meza za barazani huisha kwanza, na mhudumu hawezi kukushikia kiti kwa simu, kwa hiyo mmoja wenu atangulie kabla ya saa 11, aagize maji, na aweke koti kwenye viti vilivyobaki.